Spheres ya Pestilence imeonewa vya kutosha, acheni kukariri

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Kila ukianza mjadala wa dethi metali ya kiufundi, ule muziki mzito wa gitaa na uimbaji wa kukoroma, majina ya bendi ni yale yale: Death, Atheist, Cynic. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ila thubutu kutaja Spheres, albamu ya 1993 ya bendi ya Kiholanzi Pestilence, uone watu wanavyokuja mbio na maneno ya kukariri: "hiyo siyo dethi metali", "wamejaza vinanda", "ndiyo iliyoua bendi". Waulize ni wimbo upi umewakera. Kimya.

Hilo la vinanda ndilo linanichefua zaidi. Hakuna kinanda humo! Wapiga gitaa wa bendi, Patrick Mameli na Patrick Uterwijk, walipiga sintesaiza za gitaa. Kuna kifaa kinafungwa chini ya nyuzi, kinasoma mtikisiko wa kila uzi peke yake, halafu mtambo unautoa ukiwa sauti nyingine kabisa. Mkono bado uko kwenye gitaa, na lazima uwe msafi, maana ukigusa uzi ovyo mtambo unatoa noti ambayo hukuitaka. Waholanzi hawa walilibeba hilo wakaliingiza katikati ya mapigo yanayogeuka kila baada ya sekunde chache. Na mnajua vinanda halisi viko wapi? Kwenye Testimony of the Ancients, albamu yao ya 1991, hiyo hiyo mnayoiita kilele chao. Kule havikuwauma masikio?

Halafu njoo kwenye besi. Jeroen Paul Thesseling alikuwa ndiyo kwanza ameingia, akachukua nafasi iliyoachwa na Tony Choy. Weka vipokea sauti vizuri, sikiliza Mind Reflections inayofungua albamu, usifuate gitaa, fuata besi. Haikai chini kubeba mizigo ya gitaa, inatembea njia yake, inateleza kutoka noti hadi noti. Miaka mingi baadaye jamaa huyo huyo akapiga kwenye Cosmogenesis, albamu ya bendi ya Ujerumani Obscura, mwaka 2009, na watu wakamwagia sifa mpaka leo. Sasa mkono ule ule mnauona wa dhahabu Ujerumani, mwaka 1993 mlikuwa mnausikia takataka?

Na Focus, albamu ya Cynic, je? Mwaka ule ule wa 1993, kampuni ile ile ya kurekodi, Roadrunner, jazi ndani yake, sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mtambo mpaka inafanana na roboti. Hiyo mnaiita ya kimapinduzi. Naipenda sana na mimi, lakini semeni basi kwa nini mmoja akitoka nje ya mstari ni jasiri na mwenzake ni msaliti.

Nakubali, gitaa zimechanganywa nyembamba kuliko kwenye Testimony. Anayependa uzito wa albamu yao ya nyuma, Consuming Impulse, enzi Martin van Drunen anakoroma kwenye maikrofoni, ataona kuna kitu kimepungua. Hiyo ni hoja na ninaiheshimu. Lakini wembamba huo huo ndio unaoacha nafasi ya kusikia kila kitu, na Personal Energy isingepumua vile kama gitaa zingefunika kila kona. Ule ni wimbo wa polepole, umetanda, na ndani ya dethi metali ya mwaka ule ulihitaji roho ngumu kuutoa.

Eti iliua bendi. Bendi ilivunjika 1994, ndiyo, na ikarudi 2008. Walitoa kazi iliyotangulia masikio ya wasikilizaji wao, wasikilizaji wakagoma, na leo mnawatupia lawama waliopiga badala ya waliogoma.

Albamu yenyewe ni kama nusu saa na kidogo tu, haikumalizii bando. Isikilizeni yote kwa mpangilio wake, pamoja na vile vipande vifupi visivyo na uimbaji mnavyovirukaga. Mwenye kubisha alete jina la wimbo na dakika, aseme hapa wameharibu hiki. Wa "siyo dethi metali" bila maelezo apite kimya, sitamjibu.