Mtu wa meli kanidhalilisha mbele ya mama mkwe. ETI "ZOTE ZINAELEA"??

Wakuu,

Sitamtaja, mnamjua wote. Yule "mtaalamu" wa kupanga safari za meli za kitalii, mwenye picha ya nanga, ambaye kila jibu lake linaanza na "mimi nimepanda meli nyingi kuliko ngazi." Huyo huyo. Nimetoka kuongea naye kwa simu ya video dakika 20 zilizopita na vidole bado vinatetemeka, kwa hiyo mnivumilie kwa uandishi.

Nimekaa wiki tatu, WIKI TATU, natengeneza jedwali. Oasis of the Seas huku, Allure of the Seas kule. Mistari 64. Sitaha ipi ina bwawa la watoto. Lifti ziko wapi. Mama mkwe atatembea hatua ngapi kutoka chumbani mpaka ukumbi wa chakula (meli ina mita 360 na ushee, magoti yake yana mita 36 kwa siku, tena siku nzuri). Vyumba vipi vina mlango wa ndani wa kupita chumba hadi chumba na vipi vimepakana tu, maana "vimepakana" kwa familia ni mtoto wa miaka mitano kuzurura koridoni usiku na nguo za kulalia akigonga milango ya watu. Macho yameingia ndani mpaka bosi akanipa pole, alidhani nimefiwa.

Leo nikamuuliza kistaarabu kabisa, familia yote imejipanga nyuma yangu: mtaalamu, hizi meli wanasema ni pacha, ipi inatufaa sisi wenye watoto wanne na bibi yao?

Akapiga mwayo. Mwayo mrefu, nimehesabu magego. Halafu akasema:

"Kaka, meli ni meli. Zote zinaelea."

ZOTE. ZINAELEA.

Mama mkwe akacheka. Huyu mama sijawahi kumwona akicheka toka nimemuoa binti yake. Leo kacheka mpaka miwani imedondoka. Akairudia kwa sauti, "zote zinaelea," akaanza upya.

Pacha gani sasa? Ni kweli zote zimejengwa Turku, Finland, mchoro mmoja, Oasis ikaanza kazi 2009 na Allure 2010. Lakini Allure imemzidi dada yake sentimita 5! Na mwaka 2019 Oasis ilipelekwa matengenezo ikarudi na mabomba ya kuteleza na maji, pamoja na lile bomba kavu refu la kukushusha sitaha kumi ukipiga kelele. Allure ikakaa bila hivyo vitu mpaka 2025. Miaka sita! Mtoto aliyepandishwa Allure 2022 kwa ahadi ya kuteleza alilia safari nzima, na huyu bwana angemwinamia amwambie nyamaza mwanangu, si inaelea?

Naomba muelewe mpangilio. Mwayo kwanza. KISHA "zote zinaelea."

Hata boya linaelea. Kandambili inaelea. Nipakie watoto kwenye kandambili?

---

Nimekaa_Pale: Nimekaa paleee, nasoma tu.

MzeeWaGati: Sentimita 5 mkuu? Mistari 64 kwa sentimita 5? Mimi mwenyewe nimepiga miayo miwili kabla sijafika katikati.

Mleta uzi: Sentimita 5 ni mfano!!! Hoja ni MWAYO.

KambaMbovu: Chai hii. Hakuna mama mkwe anayecheka.

mama_wawili: Sina mbavu 😂😂 magoti ya mita 36

Chini_ya_Sitaha: Mkuu umezubaa, jibu lilikuwa mdomoni kwako. Olympic, Titanic na Britannic nazo zilikuwa ndugu watatu. Mkubwa kafanya kazi toka 1911 mpaka 1935 akastaafu vizuri. Wa pili 1912, sina haja ya kueleza. Wa tatu 1916 akakanyaga bomu la majini. Zote zilielea bwana. Kwa muda.

mama_wawili: Na kuna mhudumu mmoja, Violet Jessop, alikuwemo kwenye zote tatu. Olympic ilipogongana na manowari Hawke mwaka 1911 yumo, Titanic yumo, Britannic yumo. Akapona kote. Ulinganisho wa meli pacha ungeulizwa kwa huyo, siyo kwa mtu wa nanga.

MzeeWaGati: Mimi ningekuwa nahodha nikamwona huyo dada anapanda ngazi, nashuka.

Mleta uzi: Kwa nini sikukumbuka Titanic?? Nimekaa pale mdomo wazi kama samaki na mama mkwe anafuta machozi kwa kicheko. Titanic ilikuwa jibu kabisa!!

TanoBilaSita: Achana na hizo za zamani, chukua Icon of the Seas ya 2024. Tani 248,663. Kwa uzito huo hata yumba hutaisikia.

Ujazo: Siyo uzito. Hiyo tani inapima ujazo wa ndani ya meli, nafasi iliyofungiwa, haihusiani na kilo. Ukitaka kujua mtabanana kiasi gani, chukua hiyo namba ugawe kwa idadi ya abiria. Meli mbili zinaweza kulingana ukubwa, moja ikajazwa watu zaidi, ukapanga foleni ya lifti mpaka mtoto akue.

TanoBilaSita: Mwalimu wa hesabu kaingia, tutoke.

Mleta uzi: Hiyo ipo mstari wa 41!!! NIMEGAWA!

mama_wawili: Mtoto wako wa mwisho ana umri gani? Klabu za watoto kwenye meli nyingi zinaanzia miaka 3, na mtoto awe ameacha nepi. Hapo hawana huruma, hata umlilie nani.

Mleta uzi: Miaka miwili na miezi kumi. Mstari wa 12.

mama_wawili: Basi sogeza safari miezi miwili mbele. Nepi itakuwa imeisha na mkweo atakuwa amemaliza kucheka.

KambaMbovu: Nepi sawa. Kicheko sidhani.

Roshani_ya_Uongo: Afadhali wewe uliambiwa ukweli, kuelea zinaelea. Mimi huyo huyo wa nanga aliniambia "dada, chukua chumba chenye roshani, utaamka na bahari." Nimefungua pazia asubuhi ya kwanza nakuta roshani inatazama NDANI ya meli. Mbele yangu kuna mzee kwenye roshani ya pili anakunja soksi. Siku saba. Siku ya nne tukaanza kusalimiana. Siku ya sita akawa ananiuliza nimelalaje. Bahari nimeiona siku ya kushuka.

Chini_ya_Sitaha: 😂 Ndiyo maana ya kuangalia ramani ya sitaha kabla hujalipa dada. Na siyo chumba chako tu, tazama kilicho juu na kilicho chini yake. Mimi nililinganisha meli mbili mwezi mzima, bwawa kwa bwawa, nikachagua iliyo bora, halafu nikachukua chumba kilicho chini kabisa ya sitaha ya bwawa. Saa kumi na moja alfajiri viti vinaburutwa kichwani. KRRRRR. Kila siku. Mke wangu mpaka leo nikisogeza kiti anashtuka.

Roshani_ya_Uongo: Nani anaogelea saa kumi na moja alfajiri?

Chini_ya_Sitaha: Haogelei mtu! Wanawahi viti. Anatandika taulo, anarudi kulala.

MzeeWaGati: Mimi ni mmoja wao na sina aibu. Ukitaka kiti, amka.

mama_wawili: Kumbe ni WEWE.

MzeeWaGati: Nina wajukuu watano. Mnataka wakae wapi, mlingotini?

Ujazo: Kwenye meli nyingi kuna kanuni. Kiti kikikaa muda bila mtu, wahudumu wanaruhusiwa kuondoa vitu vyako.

Chini_ya_Sitaha: Wanaruhusiwa. Umewahi kuwaona wakifanya? Mimi nimewaona wakilikunja taulo vizuri na kulirudisha pale pale.

TanoBilaSita: Mimi naliondoa mwenyewe. Nakaa. Mwenyewe akija nafumba macho nakoroma.

MzeeWaGati: Kumbe ulikuwa WEWE.

Mleta uzi: Samahani, natoka nje ya mada kwenye uzi wangu mwenyewe, ila mtu wa kutandika taulo viti sita kwa familia ya watu wawili hafai kuachwa apande chombo chochote. Hata mtumbwi.

Roshani_ya_Uongo: Na juu ya taulo anaweka kitabu ambacho hakijawahi kufunguliwa. Na kandambili moja. Sijui kwa nini huwa ni moja.

Nimekaa_Pale: Ya pili iko wapi?

KambaMbovu: Bwawani. Inaelea.

Mleta uzi: Wewe KambaMbovu nakuona.

mgeni_mgeni: Habari zenu, mimi mgeni humu. Hivi hizo taulo za bwawa mnarudisha wapi mkimaliza? Nilipoteza moja wakanikata pesa.

MzeeWaGati: Nyeupe au ya bluu?