Utalii sekondari: programu tuipime kwa ufaulu au kwa ajira?

Mleta Mada: Shule inafundisha utalii kama fani ya ufundi, wanafunzi wanafaulu, basi inajisifu programu ni bora. Napinga. Mfumo wa CIPP wa kutathmini programu, wa mtaalamu Stufflebeam, una sehemu nne: muktadha, pembejeo, mchakato na matokeo. Tunatazama hiyo ya nne tu, tena nusu. Wahitimu wafuatiliwe miezi 6 na 12 baada ya kumaliza: nani yuko kazini, kazi gani, mwajiri anamwonaje. Kujua kutandika kitanda darasani hakupimi chochote.

Mwalimu wa Malazi: Hapo kwenye kitanda umekosea sana, mkuu. Kitanda kinapima mengi. Mstari wa kati wa shuka ukae katikati ya godoro, kona zikunjwe nyuzi 45, shuka la juu litandikwe upande wa ndani ukitazama juu ili likikunjwa juu ya blanketi uso wake mzuri ndio uonekane. Mwanafunzi amalize upande mmoja kabla ya kuhamia wa pili, la sivyo anazunguka kitanda bure. Mtahini anayekuja kitanda kimeshatandikwa hajui kama shuka safi lililazwa sakafuni, au mto ulibanwa kidevuni wakati wa kuvisha foronya.

Mdadisi: Blanketi na shuka la juu? Hoteli nyingi zimehamia duveti, lile tandiko nene la kujifunika linalovishwa foronya. Mnafundisha ya zamani.

Mwalimu wa Malazi: Duveti haiondoi shuka la chini, na kona ni za shuka la chini! Soma kwanza kabla ya kuita kazi ya watu ya zamani.

Mpimaji: Mleta mada, ajira pekee itakudanganya. Mwaka 2020 safari za kimataifa za watalii ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Waliohitimu mwaka ule tuseme walifundishwa vibaya? Na ule mwezi wa 6 ukiangukia msimu mfu, utaandika "hana kazi" kwa mtu ambaye mkataba wake ni wa msimu.

Mdadisi: Nirudi kwenye duveti. Foronya yake huvishwa kwa kuigeuza ndani nje na kushika kona mbili za mbali. Hilo nalo lipo kwenye fomu ya mtahini?

Mwalimu wa Malazi: Lipo kwa anayejua kuandika fomu.

Mpimaji: Kabla ya fomu, hesabuni vitanda. Darasa la wanafunzi 30, kitanda 1, dakika 10 kila mmoja: saa 5 zimeisha, na kila mtu amejaribu mara moja. Mashuka yawe seti 3 kwa kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko stoo. Ikiwepo moja tu, wanafunzi wanarudia shuka lenye mikunjo na hakuna anayejifunza kukagua madoa.

Mleta Mada: Nimeuliza juu ya programu nzima, mnanijibu mashuka. Mapokezi je? Kuongoza wageni?

Mwalimu wa Malazi: Wewe ndiye uliyekidharau kitanda. Mapokezi nayo yapimwe hivyohivyo, hatua kwa hatua: kuthibitisha nafasi iliyowekwa, kitambulisho, tarehe ya kuondoka, namna ya kulipa. Namba ya chumba isitamkwe kwa sauti mbele ya wageni wengine.

Mpimaji: Na watahini wawe wawili, kila mmoja na fomu yake, bila kushauriana. Wakipishana kwenye kipengele kilekile kwa wanafunzi wengi, andikeni upya kipengele hicho.

Mdadisi: Kikiwemo cha duveti.