Obama au McCain: nani alionyesha uongozi Septemba 2008 benki zilipoanguka?

Mtazamaji_Ilala (mleta mada)

Wakuu, kijiweni tumebishana kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 2008 hadi muuza kahawa akatufukuza, basi ubishi nimeuleta huku. Tuwalinganishe wagombea, Barack Obama wa Democratic na John McCain wa Republican, kwa zile wiki tatu tu: kuanzia tarehe 15 Septemba, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipotangaza kufilisika, hadi tarehe 3 Oktoba, Rais George W. Bush wa Republican aliposaini sheria ya kuokoa mabenki kwa dola bilioni 700. Iraq, Sarah Palin (mgombea mwenza wa McCain) na habari za rangi ya mtu tuziweke kando.

Mimi nasema Obama, na wala si kwa mbali kidogo. Jumatatu ile Lehman inaanguka, McCain yuko Jacksonville, Florida, anawaambia watu kwamba misingi ya uchumi ni imara. Siku hiyo hiyo akaanza kujieleza kuwa kwa "misingi" alimaanisha wafanyakazi wa Marekani. Kesho yake Benki Kuu yao inaikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85. Alhamisi McCain anataka Christopher Cox, msimamizi wa masoko ya hisa, afukuzwe kazi. Jumatano tarehe 24 anasimamisha kampeni, anataka na mdahalo wa Ijumaa uahirishwe mpaka muafaka upatikane. Ijumaa yenyewe ikafika, muafaka hakuna, na yeye huyo jukwaani Mississippi anafanya mdahalo! Mtu wa namna hiyo unamkabidhije nchi?

Binti_Kisauni

Ndugu yangu, wamhukumu mtu nawe matokeo wayajua tayari. Hebu rudi nyuma kidogo. Fannie Mae na Freddie Mac, yale mashirika mawili yaliyobeba au kudhamini karibu nusu ya mikopo ya nyumba Marekani, serikali iliyachukua tarehe 7 Septemba, Lehman haijaanguka bado. McCain alikuwa ameunga mkono mswada wa kuyabana tangu 2006. Kwa hiyo usimfanye kama mtu aliyezinduka usingizini.

La pili, wapiga kura wengi waliuchukia ule mpango wa bilioni 700, na waliouchukia zaidi ni wa chama chake mwenyewe. Kwenda Washington kuushika moto ule kulimtaka ujasiri. Obama alikuwa keshaanza kuongoza kwenye kura za maoni, kwake kutulia kulikuwa rahisi. Utulivu wa anayeongoza mie siuhesabu sana.

Kaka_Minneapolis

Dada, hoja ya 2006 naikubali. Ila mimi nilikuwa huku wakati huo, na kilichomvunja McCain si kwenda Washington, ni alichofanya alipofika.

Kikao cha Ikulu cha tarehe 25 aliyekiomba ni yeye. Bush akawaita wote: Obama, viongozi wa Bunge (Pelosi na Reid wa Democratic, Boehner na McConnell wa Republican), na waziri wa fedha Henry Paulson, mwenye mpango. Mchana ule viongozi wa kamati za Bunge walikuwa wametangaza kwamba wameelewana mambo ya msingi. Ndani ya kikao Boehner akasema watu wake hawautaki mpango, wana wa kwao. Wademokrati walikuwa wamepanga Obama ndiye awasemee, akaingia kwenye vipengele kimoja kimoja. McCain akakaa kimya sehemu kubwa ya kikao. Zamu yake ilipofika, hakusema waziwazi kama yuko na Paulson au yuko na wabunge wa chama chake. Kikao ulichokiitisha mwenyewe! Kikavunjika kwa kelele, Paulson akawafuata Wademokrati na kumpigia Pelosi goti wasiuangushe mpango. Pelosi akamtania kwamba hakujua kama yeye ni Mkatoliki.

Usiku huo huo Washington Mutual ikafungwa, benki kubwa kuliko zote zilizowahi kuanguka Marekani. Watu mtaani walikuwa wakiulizana kama akiba zao za uzeeni zitabaki. Wakati kama huo unataka kumsikia mgombea akisema "mimi nasimama hapa", hata kama anaposimama hupapendi.

Jembe_la_Mkono

Mnapamba. Tarehe 1 Oktoba Seneti ilipiga kura, 74 kwa 25, na Obama na McCain wote wawili walisema ndiyo. Wenye benki waliokolewa na wote. Mnachokilinganisha hapa ni mwendo wa kutembea tu, safari ni moja. Mwaka uliofuata Obama yuko Ikulu, AIG hiyo hiyo iliyobebwa na kodi za wananchi ikagawa bonasi za dola milioni 165, naye akabaki kulalamika kama sisi wa kijiweni. Waliopoteza nyumba nani aliwapigia goti?

Binti_Kisauni

Jembe kasema kweli. Na mie niongeze hesabu ambayo wapenzi wa Obama huiruka. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi liliukataa mpango, 228 kwa 205, na soko la hisa likaporomoka pointi 777 siku moja. Katika hao 228, wa chama cha McCain walikuwa 133. Lakini 95 walikuwa Wademokrati! Kama McCain alishindwa kuwaleta watu wake, na Obama je?

Mtazamaji_Ilala

Hesabu yako ni sahihi dada, ila imalizie. Wademokrati 140 waliunga mkono, wa McCain ni 65 tu. Baada ya pale Obama akapiga simu kwa wabunge waliokataa, wakiwemo weusi wenzake, na tarehe 3 Oktoba kura zikawa 263 kwa 171. Halafu tazama na watu aliokaa nao. Paul Volcker, aliyewahi kuiongoza Benki Kuu, alikuwa mshauri wake, na Paulson, waziri wa serikali ya chama pinzani, alikuwa akizungumza naye kwa simu mara kwa mara. McCain aliposema mdahalo uahirishwe, Obama alijibu kwamba kazi ya rais ni pamoja na kushughulikia zaidi ya jambo moja kwa wakati mmoja. Mimi hapo ndipo niliposhawishika.

Mchongoma_Kisumu

Jameni, wacha tuwe wakweli. Huku kwetu nani alijua Lehman ni nini? Sisi tulijua kijana wa Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, anagombea. Aliposhinda, serikali ya Kenya ikatangaza tarehe 6 Novemba sikukuu nchi nzima, tukala mbuzi. Kama ni uongozi wa kifedha mnaupima, msituulize sisi, tulikuwa na upendeleo tangu mwanzo.

Mwalimu_Mstaafu

Nimewasoma wote kwa makini, vijana wangu. Mnampima mgombea kana kwamba ana mamlaka, kumbe hana. Anachoweza ni kusaidia au kukataa kusaidia, na kukataa nako kumewahi kumletea mtu sifa.

Roosevelt alimshinda Rais Hoover kwenye uchaguzi wa Marekani wa Novemba 1932, lakini enzi hizo rais mpya aliapishwa tarehe 4 Machi. Katikati hapo benki zikawa zinafungwa jimbo baada ya jimbo. Michigan ilizifunga zake zote katikati ya Februari. Hoover akamwandikia Roosevelt kumsihi watoe kauli ya pamoja kutuliza watu. Roosevelt akakataa, maana aliona anavutwa aidhinishe sera za mtu aliyekataliwa na wapiga kura. Benki zikaendelea kuanguka. Alipoapishwa, tarehe 6 Machi akazifunga zote nchi nzima, tarehe 9 sheria ikapita, tarehe 12 akaongea redioni kuwaeleza watu kwa lugha nyepesi benki inafanyaje kazi, na zilipofunguliwa watu wakapanga foleni kurudisha fedha zao. Leo tunamkumbuka kwa redio. Ile miezi ya kukataa haitajwi.

Obama alifanya kinyume chake. Alikubali kuubeba mpango wa Bush, rais ambaye kampeni yake nzima ilikuwa ya kumpinga, wiki tano kabla ya kura. Kwa kipimo changu hilo ni zito kuliko utulivu mnaousifu. Na McCain naye aliipiga kura ile ile huku wengi wa chama chake wakiupinga mpango, kwa hiyo Jembe, usiseme ni mwendo tu.

Jembe_la_Mkono

Mwalimu, heshima yako. Lakini Roosevelt aliwaanzishia wenye nyumba shirika la kuwabadilishia mikopo, mwaka ule ule wa 1933. Obama aliwapa programu ya kupunguziwa marejesho iliyoahidi kuwafikia familia milioni tatu hadi nne, na haikuifikia idadi hiyo. Sasa huyo aliyekataa kusaidia na huyo aliyekubali, mwenye nyumba wa Detroit angemchagua yupi?

Mwalimu_Mstaafu

Angemchagua Roosevelt, bila shaka. Lakini Roosevelt hakuwepo kwenye karatasi ya kura ya 2008.

Mtazamaji_Ilala

Basi Mwalimu, fungua uzi wa Hoover na Roosevelt. Huu tuubakize kwa Obama na McCain. Binti, ile hoja ya Kaka kuhusu kikao cha Ikulu hujaijibu.