Miaka 9 kiwandani: niache kazi, nichukue hela yangu ya NSSF nifungue genge?

Zamu ya Usiku

Habarini wadau. Naomba ushauri, na mnivumilie nimeandika ndefu. Nipo kwenye daladala, foleni ya Ukonga na huu ujenzi wa mwendokasi mnaijua.

Nafanya kazi kiwanda cha plastiki upande wa Vingunguti, idara ya kufungasha. Niliingia Mei 2015 kwa mshahara wa 130,000. Mwezi huu, Mei 2024, nimetimiza miaka 9 na mshahara ni 260,000. Mtu akisikia anasema umepanda mara mbili. Ngoja niwapigie hesabu.

NSSF inakatwa 26,000. Kodi ya mapato sikatwi kwa sababu sijavuka 270,000 (supavaiza wetu anasema tuna bahati). Zinabaki 234,000. Chumba Gongo la Mboto 60,000, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mwezi mmoja mmoja, ni miezi sita kwa mpigo. Nilipohamia kilikuwa 25,000. Chumba ni kilekile, na bati ni lilelile linalovuja juu ya kitanda. Nauli nilianza na 400, ikaja 500, tangu Desemba ni 600. Kwenda na kurudi siku 26 ni 31,200. Zinabaki 142,800. Gawa kwa siku 30, ni 4,760. Hiyo ndiyo siku yetu, mimi na wanangu wawili: unga, mboga, mkaa, sabuni, LUKU, na mia tano tano ya twisheni. Ada hakuna, ni kweli, lakini mtoto asiye na hela ya twisheni anajua anapokalishwa. Baba yao yupo Mbeya, yaani hayupo.

Januari sukari ilipofika 4,000 mtaani kwetu, bei elekezi ikatangazwa. Nikaenda kwa Mangi kifua mbele. Akaniambia, dada, kanunue hukohuko ilikotangazwa. Tukahamia uji wa chumvi. Bei imeshuka kidogo sasa, ila sijawarudishia sukari na wao hawajauliza. Bora wangeuliza.

Lakini kilichonifanya niandike ni kitu kingine. Nilipoanza kazi, saa ya chai tulikuwa tunaongelea viwanja. Nani kapata Chanika, nani kapelekwa Msongola na dalali akakuta bonde. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kikoba nalenga kiwanja cha milioni moja na nusu. Nilipofikisha laki tisa kikawa milioni tatu. Siku hizi saa ya chai tunaongelea kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa: nani marejesho yake ni Jumanne, nani kachukuliwa mtungi wa gesi na redio mbele ya watoto. Hakuna anayetaja kiwanja. Juzi binti mgeni alitaja, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Sasa nimechoka. Kwa hesabu ya kichwani, changu na cha mwajiri kule NSSF hakipungui milioni nne. Niache, nichukue, nifungue genge la mboga na mkaa? Au nivumilie? Na nikivumilia, nasubiri nini?

Kijana wa Kigogo

Dada toka huko. Mimi nina boda, siku nzuri naondoka na elfu ishirini baada ya mafuta na hesabu ya tajiri. Kiwanda ni jela yenye getikadi.

Zamu ya Usiku

Na siku mbaya, mdogo wangu?

Kijana wa Kigogo

Siku mbaya nalala mapema.

Fundi wa Zamani

Dada yangu, soma hii kabla hujaandika barua yoyote.

Nilifanya ulichotaka kufanya. Niliacha kazi 2021, kiwanda cha nguo, nikaenda NSSF nikiwa na begi kabisa la kubebea hela (nisamehe, ndivyo nilivyokuwa). Nikaambiwa fao la kujitoa, lile la kuacha kazi na kuchukua michango yako, lilifutwa 2018. Lililopo ni la upotevu wa ajira, na ukiacha kazi mwenyewe hilo halikuhusu. Nikatoka na begi langu.

Genge nilifungua hivyohivyo kwa mkopo wa shemeji. Lilikufa mwezi wa saba tangu nifungue. Nyanya hazikuoza wala hakuna aliyeniibia. Wateja wangu walikuwa watu kama wewe. Tarehe 5 wananunua taslimu, tarehe 12 wanaomba niandike kwenye daftari, tarehe 20 wanapita njia ya nyuma wasinione. Daftari bado ninalo, lina laki mbili na kitu. Siwadai, maana najua walikuwa wanalipwa kiasi gani.

Mzee wa Kipawa

Binti yangu, pole. Mimi nimestaafu, nilikuwa ofisi ya utumishi, kwa hiyo nakupa upande niliokalia.

Pensheni ya kila mwezi inahitaji uwe umechangia miezi 180. Miaka 9 ni miezi 108, bado 72. Lakini hiyo ni kama kila ulichokatwa kilifika, na hapo ndipo penye shughuli. Kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni jambo jingine. Usiamue lolote kabla hujachukua kitambulisho na namba yako ya uanachama, ukaenda ukaomba taarifa ya michango. Hesabu mwezi mmoja mmoja kwa kidole.

Zamu ya Usiku

Narudi baada ya siku tisa. Mzee wangu, Mungu akuzidishie.

Nilitoka zamu saa moja asubuhi nikaenda bila kulala. Dada wa kaunta akanitolea karatasi tatu. Nikahesabu kwa kidole kama ulivyosema, nikarudia, nikamwomba na yeye ahesabu. Miezi 81. Haipo mitano ya 2017, haipo tisa ya mwaka wa Corona, na kumi na mitatu ya juzijuzi hapa haipo. Jumla 27. Yaani nilidhani nimebakiza 72, kumbe ni 99.

Na yote nilikatwa. Slipu zangu ninazo, tangu ya kwanza, kwenye mfuko wa rambo wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku. Watoto walikuwa wananicheka kwamba naweka takataka. Dada wa kaunta akasema lete slipu, madai tunafungua sisi, mwajiri anadaiwa na faini juu.

Usiku nikawaambia wenzangu kwenye mashine. Kesho yake wanne wakaenda. Mmoja amekuta miezi 60 kati ya 96. Leo saa ya chai hatukuongelea kausha damu. Tumeongelea slipu, watu 14, na Jumatatu tunakwenda pamoja.

Barua ya kuacha kazi sijaandika. Genge limesimama kwanza, Fundi, ila hilo daftari lako ningependa siku moja nilione.

Swali jipya: kuna wenzetu sita slipu zao waliwashia mkaa. Wabebe nini?

Mzee wa Kipawa

Mkataba, kitambulisho cha kazi, na kama mshahara unapitia benki, taarifa ya benki ya miaka yote hiyo. Na mwende mapema, Jumatatu foleni ni ndefu.