Ulinganisho: nondo wa hariri wa mgunga, wa mkarati na wa mforsadi

Mwananyika
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe nondo watatu wa hariri wanaotajwa sana hapa Kenya: Gonometa postica wa migunga ya nyikani, Anaphe panda wa msitu wa Kakamega, na Bombyx mori anayefugwa ndani kwa majani ya mforsadi. Kikundi chetu kiko upande wa Mwingi, eneo kame la Kitui, na kila tunapolijadili jambo hili mazungumzo huishia kwenye bei ya uzi. Mimi naona tuanze na maisha ya mdudu mwenyewe, anakula nini, anajikinga vipi na anaangamizwa na nini, kwa sababu kazi yote ya hariri inafuata mwenendo wake.

Fundi wa Uzi
Kwa uzi peke yake, Bombyx mori hana mshindani. Kifukofuko chake, yaani ganda la hariri ambalo kiwavi hujisokotea, ni uzi mmoja usiokatika, unaoweza kukaribia au hata kuzidi kilomita moja, nao huvutwa mfululizo mara gundi yake inapolainishwa kwa maji ya moto. Hata hivyo, mdudu huyu amefugwa tangu China ya kale kwa maelfu ya miaka hadi nondo mwenyewe hawezi tena kuruka, na kiwavi akiachwa mtini hadumu. Jike hutaga mayai kati ya 300 na 500, kiwavi hujivua ngozi mara nne, kisha husokota kifukofuko chake, na muda huo wote ni mkulima anayemletea majani mabichi. Palipo na ukame wa miezi mingi, mforsadi usiomwagiliwa hautoi majani ya kutosha, na kiwavi huyu hali jani jingine badala yake.

Jambo la pili ni maradhi. Ugonjwa wa viwavi hawa uitwao pebrini, ambao Louis Pasteur aliuchunguza kusini mwa Ufaransa kuanzia mwaka 1865, huambukizwa kutoka kwa jike hadi kwenye mayai yake. Dawa yake hadi leo ni kumpima jike kwa hadubini baada ya kutaga na kuyateketeza mayai ya aliyeambukizwa. Kwa hiyo anayefuga Bombyx anategemea daima chanzo cha mayai kilicho safi.

Bint Msitu
Anaphe panda ni kiumbe wa namna nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiye mwenye maisha ya kuvutia kuliko wote. Jike hutaga mayai kwa fungu na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Viwavi huishi kwa pamoja tangu wanapoanguliwa. Hula pamoja majani ya mkarati (Bridelia micrantha), hutembea kwa msururu, na wanapokomaa hushirikiana kujenga kiota kimoja cha hariri ya kahawia. Ndani ya kiota hicho kila mmoja hujisokotea kifukofuko chake. Hariri yake haivutwi kama uzi mmoja. Viota huchemshwa, huchambuliwa kama pamba na kusokotwa. Huko Nigeria, Wayoruba wamefuma kitambaa cha sanyan kwa hariri ya jamii hii ya Anaphe tangu zamani.

Atakayeshika viota ajikinge mikono, macho na pua, kwa kuwa manyoya ya viwavi huwasha vibaya. Na pasipo mkarati Anaphe huyu hatakufaa, ndugu Mwananyika, hata ukiletewa mayai bure.

Mzee wa Migunga
Bint Msitu amenena kweli, na ndiyo maana kwa Mwingi jibu langu ni Gonometa. Huyu ni wa ukoo mwingine, Lasiocampidae, na hapatikani kwetu tu, bali hadi kusini mwa Afrika. Kiwavi wake hula majani ya migunga, ambayo mizizi yake hustahimili ukame, na hakuna anayehitaji kumwagilia chochote. Nondo mpevu hali kabisa. Huishi kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi, hupandana, hutaga na kufa. Jike ni mkubwa kuliko dume, hivyo hata vifukofuko vyake ni vikubwa zaidi.

Kifukofuko chenyewe ni kigumu mno, kimechomekwa manyoya yanayowasha, na juu yake kuna unga wa fuwele za kalsiamu oksaleti. Fuwele hizo ndizo zilizozuia uzi wake usivutwe, hadi mwaka 2011 watafiti walipoonyesha kwamba zikiondolewa kwa kemikali iitwayo EDTA uzi huvutika. Sisi wa vijijini tunaweza kuchemsha kwa magadi na kusokota. Wasan, wawindaji wa jadi wa kusini mwa Afrika, walivitia vifukofuko hivi vijiwe na kuvivaa miguuni kama njuga.

Wafugaji wajue pia kwamba ng'ombe akila vifukofuko hivi pamoja na maganda ya mgunga, hariri haimeng'enywi; hujikusanya tumboni na inaweza kumuua. Kuviokota kunawafaa wao pia.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba idadi yake hupanda na kushuka mno. Msimu mmoja matawi yanajaa, unaofuata huoni kitu, kwa sababu nzi na nyigu wa vimelea huwashambulia viwavi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliwafunika viwavi wachanga kwa nyavu wakiwa mtini, na waliofunikwa walinusurika kwa wingi zaidi.

Mama Mnyonyo
Msimsahau Samia ricini wa Assam nchini India, ambaye hula majani ya mnyonyo na hufugwa ndani. Kifukofuko chake kina mdomo wazi upande mmoja, hivyo nondo hutoka bila kukiharibu. Kwa Mwingi, hata hivyo, nakubaliana na Mzee: mdudu wa kigeni hafai kwenye mwitu wenye nondo wake.

Mwananyika
Nawashukuru wote. Basi tunaanza na Gonometa. Je, Mzee, tuvune vifukofuko vikiwa na pupa ndani, yaani mdudu anayegeuka kuwa nondo, au tusubiri nondo atoke?

Mzee wa Migunga
Subirini, mwanangu. Kwa kuwa mtasokota badala ya kuvuta uzi mmoja, tundu la kutokea nondo haliwapunguzii kitu cha maana. Kabla ya hapo, tengenezeni nyavu za kufunikia viwavi wachanga.