Kolamu yangu inatoa madude makubwa badala ya viputo vidogo, tatizo ni spaja (kile kifaa cha vitundu kinachotawanya hewa) au kimiminika? Naombeni ushauri

Finalisti_Kemikali:
Habarini wakuu, niko mwaka wa mwisho uhandisi kemikali, projekti yangu ni kolamu ya viputo, bomba la perspeksi (plastiki angavu) limesimama wima, kipenyo sentimita 10, hewa inaingia chini kupitia spaja yenye vitundu vya milimita 1, inapanda inalisha hamira oksijeni. Nilianza na maji ya bomba, kimo sentimita 100, hewa lita 10 kwa dakika, mambo safi kabisa, viputo vinapanda taratibu kama watoto wa chekechea kwenye foleni ya uji, kimo kikafika 108 nikapiga na picha. Nikaja nikaweka molasesi niliyochanganya na maji, hewa ileile sijagusa valvu, balaa likaanza! Linatoka dude moja kama kofia ya uyoga linapaa linarusha rojo juu, halafu kimya, halafu dude lingine, na kimo 104 tu. Supavaiza kasema spaja imeziba, nimeifungua mara tatu haina hata uchafu. Juzi tena nimeosha kolamu na sabuni ya vyombo nadhani sikusuuza vizuri, nikawasha hewa povu likapanda likamwagika mpaka kwenye ekstensheni ya umeme. Presentesheni wiki mbili zijazo jamani.

Kaka_Mdogo:
Hapo kwenye ekstensheni, uko hai lakini? 😂

MzeeWaMatenki:
Mleta uzi spaja yako nzima, iache. Kiputo kinachozaliwa kwenye kitundu sicho unachokiona nusu mita juu, hapo katikati vinagongana, vinaungana, vinapasuka, na mwamuzi ni kimiminika. Maji mnato wake kama sentipoizi 1, gliserini safi kwenye joto la 20 inakaribia 1,400, molasesi mbichi inapita huko mbali. Sasa kwenye kitu kinachonata ule msukosuko wa kupasua viputo vikubwa unakufa, alafu kiputo cha nyuma kinavutwa kwenye mkondo wa kilichotangulia, yaani kama bodaboda inayojibanza nyuma ya lori, mwisho kinaingia ndani yake wanakuwa kitu kimoja. Hilo dude linapaa haraka halikai ndani ndo maana kimo hakipandi. Piga hesabu, kwenye maji 8 gawanya 108 ni asilimia 7.4 ya hewa imekaa ndani, kwenye molasesi 4 gawanya 104 ni 3.8. Umepoteza nusu! Na oksijeni inapita kwenye ngozi ya kiputo, dude la sentimita 2 ungelipasua viputo vya milimita 5 unapata 64 na ngozi mara nne, hewa ni ileile. Ila usishangae ukiongeza mnato kidogo sana hewa ikakaa ndani zaidi kuliko maji matupu, hapo viputo vinapunguzwa mwendo kabla havijaanza kuungana sana.

MamaKambamiti:
Mie si injinia, nafuga kambamiti. Jiwe la hewa lilelile nikiliweka tenki la maji baridi, yale yasiyo na chumvi, naona viputo kimoja kimoja, nikilihamishia maji ya bahari yanakuwa meupe kama tui. Nilijua ni jiwe limechoka kumbe na nyie mnahangaika na hayohayo.

MzeeWaMatenki:
Mama umegusa penyewe. Wengi wanadhani chumvi inalegeza mvutano wa uso wa maji, wapi, inauongeza kidogo. Inachofanya ni kuzuia ule utando mwembamba kati ya viputo viwili usikatike, basi vinagongana vinaachana. Kuanzia kama gramu 10 kwa lita unaona kabisa, na bahari ina 35. Sabuni ni habari nyingine, yenyewe kweli inashusha mvutano, maji yana milinewtoni 72 kwa mita yanaporomoka mpaka thelathini na kitu, viputo vinakuwa vidogo, ngozi inakakamaa vinapanda polepole, vikifika juu havipasuki, ndo lile povu lako.

Injinia_Mtaani:
Si aweke dawa ya kuua povu ya silikoni amalize kazi?

MzeeWaMatenki:
Matone machache tu mkuu. Dawa ile inaua povu kwa kuunganisha viputo, na haichagui, hata vilivyo ndani ya kolamu inaviunganisha. Wengi wanaimimina alafu wanashangaa oksijeni imeshuka.

Finalisti_Kemikali:
Wakuu mrejesho. Nimesuuza kolamu mara sita mpaka mikono imekunjamana, nikaweka maji ya bomba lita 8 na chumvi gramu 80, hewa ileile: 111, na kolamu nzima imekuwa nyeupe siuoni ukuta wa nyuma! Leo nimezimua molasesi nusu kwa nusu nikaipasha mpaka 30 hamira isije ikaungua, madude yamepungua sana, kimo 106. Povu bado lipo, nimekata kichwa cha ndoo nikakifunga juu kama kola, linajaa humo linarudi. Nimemwonyesha supavaiza video zote tatu, kaangalia kimya, akasema sawa lakini niichekicheki tena spaja.

Kaka_Mdogo:
😂😂 na ekstensheni iinue juu ya meza