Kihisi kinasema 6.3, kidole kinasema 4.7: tukiwa kwenye baiskeli tufuate kipi?

Pedali_Raskazone
Habari zenu wakuu. Swali kwa wenye kisukari aina ya kwanza na wataalamu mliomo humu. Kihisi cha sukari (kile cha kubandika kwenye ngozi, kinachotuma namba kwenye simu) kiko mkononi, safari ni ya baiskeli kutoka Tanga mjini kuelekea Pangani. Mtu akiwa ametulia nyumbani, kihisi na kidole (kipimo cha tone la damu) vinapishana 0.5 tu, namba zote ni mmol/L. Dakika 40 barabarani, kihisi 6.3, kidole 4.7. Ni kibovu?

Nesi_Ngamiani
Si kibovu, mkuu. Kihisi hakigusi damu. Kile kiuzi chake kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa. Ukitulia ni kama dakika 5 hadi 10. Misuli ikianza kuivuta kwa kasi, pengo linapanuka. Piga hesabu: sukari ikishuka 0.1 kila dakika na kihisi kiko nyuma dakika 15, tofauti ni 1.5. Hiyo 6.3 ni ya robo saa iliyopita.

Kwa hiyo soma mshale (ule unaoonyesha sukari inapanda au inashuka) kabla ya namba. 6.3 na mshale umelala, endelea. 6.3 na mshale unatazama chini, ihesabu ni 4 na kitu: simama, pima kidole, lamba gramu 15 za glukosi ya unga. (Halua hapana. Ile samli inachelewesha sukari kunyonywa.) Kengele ya sukari ya chini ipandishe iwe 5.6 kabla ya kuondoka, ukiiacha 3.9, inalia wakati damu imeshapita hapo. Na mtu akitetemeka huku simu inasema yuko sawa, aamini mwili.

Vyuma_Chumbageni
Nyongeza: kwenye mbio fupi za nguvu na kunyanyua vyuma mambo hugeuka. Adrenalini hulifanya ini limwage sukari, damu inapanda, kihisi kinabaki chini. Usikimbilie insulini ya kusahihisha (dozi ya ziada ya kushusha sukari), mara nyingi sukari inashuka yenyewe.

Kosa kubwa zaidi liko baada ya kula glukosi. Dakika 15 zimepita, damu imeshapanda, kihisi bado kinaonyesha 3.6, mtu anaongeza soda. Saa moja baadaye yuko 14. Hapo kidole ndicho chenye jibu.

Pedali_Raskazone
Asanteni. Na kidole chenyewe hakikosei?

Nesi_Ngamiani
Kinakosea sana tu! Umemenya embe, hukunawa, umepima: namba ya uongo, ya juu. Jasho au maji kidoleni huzimua tone, namba inashuka. Nawa, kausha kabisa, tone la kwanza lifute, pima la pili. Stripu (vijikaratasi vya kupimia damu) usiziweke mfuko wa mgongoni juani. Nyingi mwisho wake ni nyuzi joto 30 au 40, na kifuniko kikiachwa wazi unyevu wa huku pwani unaziharibu.

Vyuma_Chumbageni
Kihisi kipya kibandike siku moja au mbili kabla ya safari ndefu, saa 24 za kwanza huyumbayumba. Ngozi iwe kavu, bila mafuta ya nazi, la sivyo jasho linakibandua. Vidonge vikubwa vya vitamini C hupandisha namba kwa baadhi ya vihisi, soma karatasi ya ndani ya boksi. Usiku baada ya safari sukari inaweza kushuka kweli, ila ukilalia mkono wenye kihisi nacho kitaonyesha chini kwa kubanwa tu. Kengele ikilia, geuka upande wa pili na upime kidole papo hapo.